Dhahabu ya Chunya haikimbii

Kaa kwenye karasha lolote, yaani kinu cha kusagia mawe ya dhahabu, kati ya Itumbi na Makongolosi wilayani Chunya kwa nusu siku tu, kuna neno utalisikia mpaka ulizoee: "Imekimbia." Duara, yaani shimo la kuchimbia, lilikuwa linatoa, watu wamenunua pikipiki, nyumba zimepauliwa, halafu kufika mita ishirini na kitu, mawe yakageuka. Imekimbia. Mmoja atasema imehamia kwa jirani. Mwingine atasema kuna mtu alishuka duarani bila kufuata masharti. Na hakosi wa tatu, atakayekusogelea na kukunong'oneza kwamba mwenye duara hakummalizia mganga hela yake.

Mimi mwenyewe nimewahi kulisema neno hilo, tena kwa uchungu, kwa sababu hela ilikuwa yangu. Mjomba alikuwa na duara upande wa Matundasi, nikatia humo fedha za viazi vya misimu miwili kutoka kwetu Uporoto. Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda. Kisha siku moja ikaja simu: "Mjomba, imekimbia." Sisi wawili tunaitana hivyo hivyo, yeye mjomba, mimi mjomba. Nikapanda gari kwenda kuiona hiyo dhahabu yenye miguu.

Nilipofika hakuniambia neno. Aliniwekea mawe mawili kwenye viganja. La kulia lilikuwa jekundu la kutu, jepesi, lina vitundu vitundu kama mkate uliochacha sana, na nilipolibana kwa kidole likamomonyoka. La kushoto lilikuwa la kijivu na jeupe, zito, gumu, limejaa vidonge vya njano vyenye pembe nne, vinang'aa hata kivulini.

"Hili bovu ndilo lililokuwa linatupa," akasema. "Hili zuri halitoi kitu."

Mawe yote mawili yalitoka kwenye mkanda mmoja, yaani mshipa wa mwamba unaobeba dhahabu, duara moja. Lililokuwa juu na lililokuwa chini yake yalitenganishwa na mita sita. Ukielewa kilichotokea ndani ya mita hizo sita, umeelewa zaidi ya nusu ya jiolojia ya Chunya. Lakini kwanza tuondoe dhana moja ambayo kwetu Mbeya imeota mizizi.

Watu wengi wanaamini kwamba dhahabu ya Chunya imeletwa na volkano. Si ajabu. Mji wetu umezungukwa na milima ya moto: Rungwe yenye urefu wa karibu mita 2,960, Ngozi yenye ziwa ndani ya kasoko, na Kyejo, ambao ulitoa uji wa moto mara ya mwisho takriban mwaka 1800. Ardhi bado ina joto. Kule Songwe maji yanatoka yakiwa ya moto, na Rungwe kuna mahali hewa ya ukaa inavujia juu kwa wingi kiasi kwamba inavunwa na kujazwa kwenye mitungi kwa ajili ya viwanda vya soda. Mtu akiona yote hayo, anamalizia mwenyewe: moto umepandisha dhahabu.

Hesabu ya miaka inakataa. Miamba ya Chunya, ile inayobeba dhahabu, ni sehemu ya ukanda wa kale uitwao Ubende, kwa jina la nchi ya Wabende kule Katavi. Dhahabu iliingia ndani ya miamba hiyo karibu miaka bilioni 1.9 iliyopita. Tuifanye miaka yote hiyo iwe mwaka mmoja, dhahabu iingie tarehe 1 Januari. Kilima cha Ngualla, chenye yale madini adimu yanayotakiwa kutengenezea sumaku za magari ya umeme, kinazaliwa katikati ya Juni. Makaa ya mawe ya Kiwira yanaanza kujilaza matopeni mapema mwezi Novemba. Panda Hill, kilima chenye madini ya niobiamu ambacho chini yake kuna Gereza la Songwe, kinapenya juu kama tarehe 10 Desemba. Volkano za Rungwe zinaanza Desemba 30. Na mlipuko wa mwisho wa Kyejo, ule ambao babu wa babu zetu huenda waliuona, umetokea sekunde tatu au nne kabla ya mwaka kwisha.

Kwa hiyo Rungwe haijaleta dhahabu Chunya kama vile mjukuu hawezi kumzaa bibi. Hata Mlima Mbeya na Loleza, ambao wengi huwaingiza kwenye orodha ya volkano, ni miamba ya kale iliyonyanyuliwa. Ukipanda barabara ya Chunya kupitia Kawetire, kwenye ukungu na mashamba ya viazi, kisha ukasimama pale ambapo bonde la Usangu linafunguka chini upande wa mashariki, unakuwa umesimama juu ya kipande cha ardhi kilichopandishwa wakati vipande vya pembeni vikizama. Hiyo ndiyo kazi ya Bonde la Ufa. Kwetu mikono yake mitatu inakutana: mmoja unakwenda Rukwa, mmoja Nyasa, mmoja Usangu. Katikati ya Rukwa na Usangu limebaki bega lililoinuka, na bega hilo ndilo nchi ya dhahabu ya Lupa.

Ufa haukutengeneza dhahabu, lakini tusiunyime haki yake. Uliinua bega, mvua na mito vikalikwangua, na mikanda iliyozaliwa kilomita kadhaa chini ikajikuta juani. Punje zilizong'oka zikaingia kwenye mto Lupa na vijito vyake. Ndiyo maana dhahabu ya kwanza kukimbiliwa Chunya, mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilikuwa ya mchanga wa mtoni, ya kuoshwa kwa karai. Mikanda ya kwenye mwamba ilikuja baadaye, na kutoka humo ukakua mgodi wa New Saza uliofanya kazi tangu mwaka 1939 hadi 1956. Leo nchi hiyo hiyo ya dhahabu imegawanyika kati ya mikoa miwili, kwa sababu Mkoa wa Songwe ulikatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na mgodi mkubwa wa New Luika, ulioanza kuzalisha mwaka 2012, umeangukia upande wa Songwe. Mwamba haukuarifiwa.

(Songwe wana pia kimondo cha Mbozi, karibu chuma kitupu, cha tani kama 16 kilichoanguka kutoka mbinguni. Ndilo jiwe pekee mkoani ambalo naweza kukubali kwamba lilihamia.)

Sasa turudi kwenye mwanzo, ile Januari mosi yetu. Kule chini, penye joto la mamia ya nyuzi, maji hayawi mvuke kwa sababu yanabanwa na uzito wa kilomita za mwamba. Maji hayo yana chumvi, yana gesi, yana salfa. Salfa ndiyo dalali: inaishika dhahabu, inaiyeyusha kidogo kidogo, na kutembea nayo. Dhahabu katika mwamba wa kawaida ni miligramu chache tu kwa tani, kwa hiyo maji lazima yapite mwamba mwingi sana yakiokota. Kisha yanahitaji njia ya kupandia. Njia ni nyufa, hasa zile kubwa ambako mwamba mmoja umesuguana na mwingine.

Hapa ndipo tetemeko la ardhi linapoingia. Chukua soda uliyoitikisa, uifungue ghafla. Gesi iliyokuwa imetulia inatoka mara moja kwa sababu mgandamizo umeanguka. Ufa unapofunguka kwa tetemeko, maji yaliyobanwa yanapata nafasi kwa ghafla, gesi inajitenga, salfa inaiachia dhahabu. Na kama ukuta wa ufa una chuma kingi, salfa inakimbilia kwenye chuma, inaoana nacho, inakuwa pairaiti, yale madini ya njano yanayowadanganya wageni. Dhahabu iliyoachwa inajibanza humo humo ndani ya pairaiti au pembeni yake. Wakati huo huo, jiwe jeupe la kwatzi linaganda na kuuziba ufa. Mgandamizo unajijenga upya, tetemeko lingine, ufa unafunguka tena. Ukitazama kwa makini kipande cha mkanda utaona mistari mistari myembamba sambamba, kama tabaka za chapati ya kusukuma. Huenda kila mstari ulikuwa siku moja mbaya ya tetemeko.

Kwa kuwa mkanda umezaliwa hivyo, hauwezi kuwa ukuta ulionyooka wenye unene sawa. Ufa wowote uliopinda, pande zake zikisogezwa, kuna mahali panaachana na mahali panabanana. Panapoachana, kwatzi na dhahabu vinajaa. Panapobanana, unabaki mstari mwembamba wa udongo mlaini. Ni shanga kwenye uzi. Mchimbaji akimaliza ushanga mmoja anakutana na uzi mtupu, anasema imekimbia, anahama. Ushanga wa pili unaweza kuwa mita nane mbele, na mara nyingi hauko chini wima bali umelala mshazari, kwa sababu shanga hizo hufuata mwinamo wao. Wachimbaji wazoefu wanalijua hili kwa macho. Nimemsikia mzee mmoja akimkanya kijana: "Usiuache uzi. Ukiuacha uzi, umeipoteza nyumba." Hakusoma darasani, lakini amesema sawa na mjiolojia yeyote.

Kuna pia kukatika. Baada ya mkanda kuganda, miaka mamilioni baadaye ardhi inapasuka upya na kusogea. Panga chapati tano, zikate kwa kisu, kisha usukume nusu moja mbele kwa upana wa vidole vitatu. Mdudu anayetembea ndani ya chapati ya tatu atafika kwenye kata na kujikuta uso kwa uso na kitu kingine. Chapati yake ipo, iko pembeni. Duarani, dalili ya kata ni ukuta laini uliosuguliwa mpaka unateleza, wenye michirizi. Ukiipapasa michirizi kwa kiganja, upande mmoja unateleza na mwingine unakwaruza, na hapo unapata fununu kipande kingine kimeelekea wapi. Kufuata fununu hiyo ni nafuu kuliko mbuzi mweusi.

Halafu kuna jambo la bahati, na hili linawaumiza hata wenye mitambo. Mwamba wenye gramu tano kwa tani unahesabiwa kuwa mzuri. Gramu tano ni nini? Pima magunia kumi ya mchele wa Kyela, ya kilo mia mia, hiyo ni tani moja. Gramu tano ni punje kama mia mbili katika magunia yote kumi. Tena hazikusambaa sawasawa. Ni kama iliki nzima kwenye sinia la pilau: mmoja anachota kijiko na kuing'ata, mwingine anakula mpaka anashiba hajaiona. Mchimbaji anayepeleka kilo moja ya sampuli akasema duara lina gramu sitini, na mwenzake anayesema halina kitu, wanaweza wakawa wamechota kwenye sinia moja. Dawa ni kuchukua sampuli nyingi, kutoka upana wote wa mkanda, bila kubagua jiwe linalopendeza, na kusaga na kuchanganya kabla ya kupima. Ni kazi inayochosha, na ndiyo maana haifanywi.

Hayo yote ni ya kweli, lakini siyo yaliyomkuta mjomba. Mkanda wake haukubanana wala kukatika. Ulikuwa pale pale, unene ule ule, umeshikamana na ukuta. Kilichobadilika ni kemia, na hapa naomba twende polepole.

Mvua ya Chunya ikinyesha, maji yanashuka ardhini yakiwa na hewa ndani yake. Hewa hiyo inakutana na pairaiti, ambayo ni chuma na salfa. Chuma kinafanya kile ambacho chuma hufanya kikikutana na maji na hewa: kinapata kutu. Salfa inageuka tindikali na kuoshwa. Pairaiti inaoza, inabaki nafasi yake, kijitundu chenye kutu. Dhahabu haipati kutu. Nyumba yake imeoza ikaisha, yenyewe imebaki imekaa kitunduni, huru. Jiwe jekundu, jepesi, lenye vitundu ni hilo. Maelfu kwa maelfu ya miaka ya mvua yamemfanyia mchimbaji kazi ya kuchenjua bila malipo. Analisaga kidogo kwenye karasha, anatia maji, anaosha, anaweka zebaki, zebaki inaikumbata dhahabu, kazi imekwisha.

Uozo huo una mwisho. Unaishia karibu na pale maji ya ardhini yanapokaa siku zote, kwa sababu chini ya hapo hewa mpya haifiki. Mahali pengine ni mita kumi na tano, pengine arobaini, inategemea mwinuko na mwamba. Ndiyo sababu duara "hukimbiwa" karibu na pale pampu ya maji inapoanza kuhitajika, na watu wakaunganisha mambo hayo mawili kwa njia yao: jini wa maji ameichukua. Wameona sawa. Maji na kupotea kwa dhahabu vinakwenda pamoja kweli. Ila chini ya maji pairaiti ni nzima, inang'aa, na dhahabu imefungiwa ndani yake kwa punje ndogo ambazo jicho halizioni.

Karasha linavunja jiwe hilo kuwa mchanga, lakini mchanga ule kwa dhahabu bado ni ghorofa lenye milango iliyofungwa. Zebaki haiingii ndani ya jiwe. Inakamata ile tu inayoigusa. Mbaya zaidi, salfa inaichafua zebaki yenyewe: inapoteza mng'ao, inagawanyika kuwa vitone vidogo kama unga vinavyokataa kuungana, na vinakwenda na maji vikiwa vimebeba hata kile kidogo kilichokamatwa. Mchimbaji akiona hivyo anaongeza zebaki. Sumu inazidi mtoni, dhahabu haiongezeki. Kisha anakwenda kuuchoma ule mchanganyiko kwenye jiko la mkaa, wakati mwingine jiko la kupikia ugali. Zebaki inachemka kwenye nyuzi 357 tu na moshi wake hauna rangi wala haukohozi, kwa hiyo aliyeivuta hajui kwamba ameivuta. Mwaka 2020 Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa Minamata unaokusudia kupunguza matumizi hayo. Kule karashani bado chupa zinapita mkono kwa mkono.

Hata katika jiwe jekundu, zebaki kwa kawaida haipati zaidi ya nusu, mara nyingi ni theluthi. Tufanye hesabu ya mfano. Tani kumi za mawe zenye gramu nane kwa kila tani zina gramu 80. Zebaki ikikamata asilimia 35, mchimbaji anaondoka na gramu 28. Gramu 52 zimebaki kwenye tope la kijivu nyuma ya karasha. Tope hilo linaitwa marudio, na sasa sikiliza utaratibu: sehemu nyingi, anayesaga hutozwa kidogo au hatozwi kabisa, na marudio yanabaki kwa mwenye karasha. Mjomba aliniambia hilo kwa furaha kama mtu aliyepata punguzo.

Marudio yakijaa yanabebwa kwenda plenti, kiwanda cha kuyachenjua upya. Huko yanawekwa kwenye mabwawa ya zege, yanamwagiwa maji ya sayanaidi, nayo ni dawa ya aina nyingine: haingoji kuikumbata dhahabu, inaiyeyusha, hata punje ambayo hutaiona. Dhahabu iliyoyeyuka inanaswa kwenye mkaa maalumu, mkaa unapelekwa kwenye mtambo wa ilusheni, unaoiosha dhahabu kutoka kwenye mkaa, inatoka. Hata sayanaidi ina shida na pairaiti nzima, kwa kuwa salfa inaila dawa kabla haijafika kwenye dhahabu, na milango ya ghorofa bado inahitaji kuvunjwa. Migodi mikubwa inasaga mwamba mpaka unakuwa laini kama unga wa sembe. Kwa hiyo tofauti kati ya mgodi mkubwa na duara la mjomba, kwenye jiwe lile lile la kijivu, si baraka. Ni ulaini wa unga.

Tulichoambiwa tungefanya ni haya: kupima sampuli maabara kabla ya kuendelea kushuka, na kuitisha mtambo wa kuchoronga, yaani wa kutoboa mwamba kwa kina, ili tujue mkanda unakwenda wapi. Ramani za jiolojia za eneo zipo kwenye taasisi ya jiolojia Dodoma, na STAMICO, shirika la madini la taifa, wana mitambo ya kuchoronga kwa ajili ya wachimbaji wadogo. Leseni ndogo haizidi hekta kumi, eneo ambalo mashimo machache yaliyopangwa vizuri yanaweza kulieleza kiasi. Lakini mashimo hayo yanadai hela siku ambayo duara halijatoa kitu, na siku duara linapotoa, hakuna anayekumbuka kuchoronga. Sisi hatukukumbuka.

Siku ya kuondoka nilimkuta mjomba amesimama nyuma ya karasha. Lori lilikuwa linapakia marudio, koleo kwa koleo, na matope yalikuwa yanachuruzika pembeni mwa bodi. Nilimuuliza kama anajua ni gramu ngapi zinaondoka humo. Akanyamaza, akahesabu kwa vidole, akaacha katikati.

"Hizo si zetu, Mjomba. Zetu zilikimbia."

Lile jiwe la kijivu nilirudi nalo nyumbani Uporoto. Nililiweka nje, kwenye kizingiti cha dirisha, linanyeshewa. Mvua za mwaka wa pili ndiyo zimeisha juzi, na upande wake mmoja vile vidonge vya njano vimeanza kufifia na kutoa maji mekundu yaliyochora mstari mpaka chini ukutani.